Kompyuta ya Mtumba

Wakala wa magari alitaka gari letu likae kwake miezi mitatu, eti kompyuta mpya ya kuliendesha lazima ifundishwe njia zetu. Miezi mitatu! Nikatafuta ya mtumba, iliyochomolewa kwenye gari la mtu aliyekufa ajalini, nikaifunga mwenyewe uani.

Siku hizi sheria hairuhusu mtu kushika usukani. Tulipotoka kanisani nikaliambia gari, "Twende nyumbani."

Likapita kwetu bila hata kupunguza mwendo.

"Skola, usianze," nikamwambia mke wangu.

"Nimesema nini? Si ulijifanya fundi?"

Nikafoka, nikapiga ngumi dashibodi. Wapi! Likaingia mtaa tusioujua, likasimama mbele ya geti la bluu, likapiga honi mara mbili.

Ndani mtoto akapaza sauti: "Mama, baba karudi!" Tukasikia anakuja mbio kufungua.