Haki ya Afande Kenge

Mayai ya Kanga yaliibwa, na Afande Kenge akamkamata Nungunungu kwa sababu tu miba yake inatisha.

"Kanyaga tope hili, tuchukue alama ya mguu wako."

"Niambie kwanza kosa langu, Afande. Hiyo ni haki yangu."

"Haki ndiyo nini? Kitu hicho hapa kituoni hakijulikani!"

Kenge akamrukia, akamkandamiza mguu topeni hadi ukachubuka. Alipoinuka, kando ya alama ya Nungunungu kulikuwa na ya kwake, yenye kucha ndefu.

Kanga, aliyekuja kituoni kushtaki, akapiga ukelele. "Hiyo ya kucha ndiyo niliyoikuta kiotani!"

Kenge akaficha kucha zake. "Nina haki ya kunyamaza."

"Kumbe unaijua!" akafoka Nungunungu, damu ikimchuruzika.