Kivuli cha Ghorofa

Wakazi walikuwa wameuchora mtaa wao chini kwa majivu, wakapanga maboksi yawe nyumba. Juu ya boksi la ghala waliweka sinia zinazong'aa: hizo ndizo sola za ushirika wao, zitakazowasha taa kila nyumba. Ofisa wa mipango miji alikuwa amekuja kuunakili mchoro huo kwenye ramani ya mji.

Zamoyoni, jirani wa ghala, akaweka boksi lake, kisha akapandisha la pili juu yake. Kivuli kikazimeza sinia zote.

"Loo, mwenzetu!" Kidawa, mkazi mwenzake, akapiga makofi. "Ghorofa halijajengwa, limeshakata umeme!"

Watu wakaangua kicheko. Ofisa hakucheka. "Basi upande huu niandike nyumba za chini tu."

Matofali ya ghorofa hilo Zamoyoni aliyafyatua kwa mikono yake, na wanawe walishagombania vyumba. Akainama, akazitoa sinia pale ghalani moja moja, akazipanga juu ya boksi lake.

"Paa nawapa," akasema. "Ghorofa nabaki nalo."

"Na fundi atapandaje kupangusa vumbi?" Kidawa akauliza.

"Atapita sebuleni kwangu. Viatu aache mlangoni."

Wote wakamgeukia ofisa. Akaitazama penseli yake, akazitazama sinia zinavyomeremeta juani. Kisha akavua viatu, akaviacha ukingoni mwa majivu, akaingia mtaani kwa ncha za vidole, akielekea mlango wa Zamoyoni.