Vipimo vya Sare

Bi Mkasi, mshonaji wa mtaa, alikuwa akimpima sare ya shule binti wa mwenye nyumba wake. Futi ilipomgusa mgongoni, mtoto akaruka kama aliyechomwa. Kola ikateleza, zikaonekana alama za mkanda, mbichi juu ya kuukuu.

"Nilianguka, bibi," akawahi kusema.

"Pole, mjukuu wangu. Kaa hapa unichagulie vifungo."

Bi Mkasi alijua huenda kesho akakosa pa kuweka cherehani. Hata hivyo akawapigia simu watu wa ustawi wa jamii, huku akimpapasa mtoto kichwani.

"Jina langu? Liandikeni lote. Na mtoto haondoki hapa mpaka mfike."

Akaukomea mlango, akampakata. Punde baba mtu akapiga hodi.

"Bibi, usimfungulie."

"Simfungulii, roho yangu."