Draya ya Shangazi Verlene

Draya ya kukaushia nywele ilipoingia kwenye mashine ya ukaguzi, Coby aliacha kupumua.

Mlinzi wa bandari ya Galveston aliitoa, akaigeuza huku na huku. Meza yake ilishajaa pasi na birika za umeme za abiria, maana vitu hivyo haviruhusiwi melini. Wanaogopa moto. Draya huwa zinapita, ila hii aliitazama zaidi kidogo kuliko zile nyingine, kisha akamtazama Shangazi Verlene, bikizee mwenye nywele nyeupe zilizopandishwa juu kama keki ya harusi.

"Yako hii, mama?"

"Kaninunulia huyu," shangazi akajibu, akimpiga Coby kofi la mgongo. "Mtoto wa kaka yangu. Miaka yote hanipi hata kadi ya Krismasi, leo draya nzima! Ama anaumwa, ama kaokoka."

Mlinzi akacheka, akairudisha. Coby naye akacheka, jasho likimtambaa shingoni.

Alikuwa ameifungua mwenyewe kwenye gereji yake, akaifunga mwenyewe. Kwa nje ilimeremeta. Ndani, nyaya zilikuwa zinamngoja mtu mwenye mikono iliyolowa maji. Na ilikuwa lazima iwe safari hii. Wakirudi tu, shangazi angekwenda kwa wakili kuiandikisha ile nyumba yake ya ufukweni, ambayo Coby aliihesabu ni yake tangu hajaota ndevu, iwe mali ya watunza paka.

Walipofika chumbani, shangazi alichomeka kadi ya mlango kwenye kitundu cha ukutani, na taa zikawaka.

"Usipoweka kadi pale, chumba kizima maiti," alimwambia. "Taa, soketi, kiyoyozi, vyote. Lakini sisi wazoefu wa meli tunakijua. Kitundu chenyewe hakijui kusoma. Kipe kadi yoyote, hata ya maktaba, kinawaka."

"Una akili, shangazi."

"Za marehemu Orval hizo. Mume wangu alikuwa fundi redio, na aliyemshikia tochi ni mimi."

Coby hakuwa akisikiliza. Alikuwa akipima kwa macho kutoka mezani, penye soketi, hadi mlango wa bafu, penye sakafu isiyokauka. Waya ungefika. Ndiyo maana alichagua yenye waya mrefu.

Basi ikaanza kazi ya kungoja. Kila asubuhi alitoka chumba chake cha jirani, akagonga.

"Draya vipi, shangazi?"

"Bado. Hii ya meli inapumua kama paka mwenye mafua, lakini tumeshazoeana. Yako naitunzia karamu ya nahodha."

Meli ikafika kisiwa cha Cozumel, ikaondoka. Mhudumu alikunja taulo kwa umbo la tumbili, akamning'iniza kwenye dari ya chumba cha Coby kama wanavyowafurahisha wageni. Coby akamshusha. Kesho yake akamkuta tena juu, mikono imelegea. Mezani Coby akawa anachokonoa tu sahani. Shangazi alimaliza kamba wake, kisha wa Coby.

"Kula, mwanangu. Mbona umenyong'onyea kama mtu anayengoja majibu ya hospitali?"

Jioni ya karamu, Coby alikaa kitandani na suti yake, sikio ukutani. Upande wa pili bomba la mvua liliimba, likanyamaza. Akafumba macho.

"Coby! We Coby! Kidude chako hiki hakiwaki!"

Alikimbia. Mlango ulikuwa wazi, chumba kimefifia, kimebaki na mwanga wa magharibi kutoka dirishani. Shangazi alisimama mlangoni mwa bafu amejifunga taulo, nywele zinachuruzika, draya mkononi, waya wake umechomekwa kwenye soketi ya mezani. Coby akatazama ukutani. Kitundu kilikuwa kitupu.

Akashusha pumzi. Bikizee kasahau kadi!

"Ni kadi tu, shangazi. Wewe shika hivyo hivyo, mimi nikuchomekee. Iko wapi?"

"Kwenye pochi, hapo mlangoni. Aa-aa, wee! Pochi ya mwanamke haipekuliwi. Njoo unishikie hii, mkono umekufa ganzi."

Coby akasita. Lakini bila umeme ilikuwa plastiki tu, na angemrudishia palepale. Akaingia. Maji ya bafu yakapenya soksi. Akaipokea.

"Bonyeza tuone, isije ikawa swichi imekwama," shangazi akasema, akivaa ndara zake za mpira.

Akabonyeza. Ta. Kimya.

"Swichi nzima, shangazi."

"Eeh. Orval naye alikuwa akianzia kwenye swichi."

Akajikokota hadi mlangoni, akaipekua pochi yake polepole: leso, peremende, bisibisi ndogo ya fundi redio.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "nyaya umezifunga vibaya. Orval angekuchapa."

Kadi ya maktaba iliingia kitunduni kabla Coby hajafungua vidole.