Mkono wa Caleb

Mama Lavender, jirani yetu hapa Idsowe, anasema ameona picha ya kaka yangu Caleb kwenye simu ya mwanawe. Eti amesimama Urusi, Moscow, alikokwenda kufanya kazi ya ghala, katikati ya Uwanja Mwekundu, amenenepa, anapunga mkono.

"Kubeba mizigo ghalani hakunenepeshi hivyo," alicheka. "Huyo ameshapata Mzungu wake."

Asubuhi hii picha imefika kwangu pia. Chini yake Caleb ameandika historia kama anayejibu mtihani. Wafalme walipita hapa. Kanisa hilo lina zaidi ya miaka mia nne. Mwaka 1941 askari walipiga gwaride juu ya mawe haya, wakaenda moja kwa moja vitani.

"Kesho na sisi tunaanza kazi," akamalizia.

Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Amevaa jaketi nene la kijani. Vijana wanne nyuma yake wamevaa lilo hilo.

Kisha nikaona mikono ya Caleb. Mmoja umeinua kofia juu kabisa. Wa pili ameuweka kichwani.

Kwetu, ukikwama ng'ambo ya mto Tana na maji yamejaa, hupigi kelele. Unainua kitambaa juu kwa mkono mmoja, wa pili unauweka kichwani, na mwenye mtumbwi anajua una shida, aje upesi.

Mama akaweka jembe chini, akaja karibu. Macho yake hayaoni tena vitu vidogo.

"Anatupungia, eh? Hebu niambie, mwanangu. Mikono yake ameiweka vipi?"