Uzi Mwekundu wa Saumu

Kompyuta kubwa ya ofisi ile ilikuwa na kadi mbili za michoro. Moja iliendesha skrini, nyingine ilikuwa ya kujaribia programu. Kadi ikisimamishwa ili kosa litafutwe, huganda yote, kwa hiyo ile ya skrini waliifunga uzi mwekundu, mtu asije akaisimamisha.

Saumu alikuwa na wiki mbili akisaka kosa kwenye programu yake, na mkubwa alishamwambia mwisho ni leo jioni, la sivyo afungashe. Hidaya, aliyekuja juzi tu, ndiye aliyeitwa fundi kila saa. Roho ilimuuma Saumu, we acha tu! Hidaya alipotoka kunywa chai, Saumu akaufungua uzi, akaufunga kwenye kadi ya pili.

"Leo na yeye aaibike."

Hidaya akarudi, akautazama uzi, akasimamisha kadi isiyo na uzi. Skrini ikaganda palepale.

"Mungu wangu! Dada Saumu, nisamehe."

"Nikusamehe kwa lipi, fundi?" Saumu alibana kicheko.

"Ni programu yako hii. Tangu asubuhi naihangaikia, nilitaka nikushtukize. Kosa nimeliona, nimelirekebisha, ila sijahifadhi. Na ikiganda hivi hakuna ila kuzima; tukizima, yote yamekwenda."

Saumu akatazama saa ya ukutani, kisha vidole vyake. Jasho lilikuwa limeyeyusha rangi ya uzi, ikamganda mpaka kwenye kucha.

"Nipe mkono, dada, kama umenisamehe."

Saumu akakificha kiganja ndani ya mtandio. Mkono wa Hidaya ukabaki umenyooshwa.