Nyungunyungu Kwenye Haradali

Mama mkwe alipiga magoti katikati ya haradali, akaanza kufukua udongo kwa vidole.

Joviness alisimama nyuma yake. Ukungu wa Bugomora ulikuwa bado umelalia shamba, na maua ya manjano yalionekana kama yanaelea tu, hayana shina wala ardhi. Tuta hilo Joviness alilitia samadi ya ng'ombe kwanza, kisha akachanganya na mbolea ya chumvichumvi ya dukani, kidogo tu. Sasa haradali ilikuwa imempita kiuno.

"Hiyo chumvi itaua udongo," mama mkwe alimwambia siku ya kupanda. "Nikija kufukua nikakosa nyungunyungu, naing'oa yote."

Wala hakuwa mtu wa maneno matupu.

Alifukua, akakosa. Akasogea kidogo, akafukua tena. Nyuki walivuma juu ya kitambaa chake cha kichwa.

Kisha kiganja kikafunguka. Juu yake nyungunyungu mnene, mwekundu, alikuwa akijinyoosha taratibu kama aliyeamshwa usingizini.

Mama mkwe alimgeuza kwa kidole. Akamrudisha shimoni, akamfunika polepole kama anavyofunikwa mtoto mchanga.

Aliponyanyuka hakuitazama haradali. Alitazama kule kwenye kaburi la mumewe, na mgomba uliokuwa ukinyauka pembeni yake, ule ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

"Mwanangu," alisema, "ile chumvi yako imebaki?"